Je, wajua kwa nini Warumi 13 haipingani na Matendo 5:29?

Swali hili linaweza kuzuka katika jumuiya yoyote ya Masasi au Newala, hasa uchaguzi ukikaribia. Paulo anaandika kwamba "hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu" (Warumi 13:1). Petro na wenzake, walipokatazwa na baraza la Yerusalemu kufundisha kwa jina la Yesu, walijibu: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Tumfuate yupi?

Kinachozigonganisha aya hizi ni dhana ambayo msomaji huja nayo mwenyewe, kwamba aliyepewa cheo na Mungu ameungwa mkono na Mungu katika kila atendalo. Dhana hiyo imeenea mno. Mwenye madaraka huipenda kwa sababu inamnyamazisha anayehoji, na anayemchukia kiongozi huitumia kuonyesha kwamba Biblia inajikana. Wote wawili wanasoma jambo ambalo Paulo hakuliandika.

Tazama manabii. Katika Hosea 8:4 Mungu analalamika kwamba Israeli wamejiwekea wafalme bila shauri lake. Sura chache mbele, 13:11, anasema, "Nimekupa mfalme katika hasira yangu." Ni kitabu kimoja, cha nabii mmoja! Zama zile wafalme wanne wa Israeli waliuawa na waliotwaa viti vyao, kama 2 Wafalme 15 inavyosimulia, na hakuna nabii aliyedai kwamba mauaji hayo yalikuwa matakatifu. Danieli naye anamwambia Nebukadneza kwamba Mungu wa mbinguni ndiye aliyempa ufalme (2:37). Sura inayofuata, vijana watatu wanakataa kuisujudia sanamu ya mfalme huyo huyo, na kitabu kinawasifu.

Aya inayonivutia kuliko zote ni Yohana 19:11. Yesu anamwambia Pilato kwamba asingekuwa na mamlaka yoyote juu yake kama asingepewa kutoka juu, kisha papo hapo anaongeza kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi iliyo kubwa zaidi. Ikiwa ya yule ni kubwa zaidi, basi Pilato naye ana yake. Mamlaka kutoka juu na hatia ya mwenye mamlaka vimekaa ndani ya aya moja.

Kwa mkulima wa korosho jambo hili si geni. Karani wa mizani hupima kwa niaba ya chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na korosho hazipokelewi ghalani bila kupita kwake. Sasa tuseme karani fulani anaandika kilo pungufu. Kazi yake ya kupima bado ni halali, ila chama hakikumtuma apunje. Mkulima anayekataa risiti hiyo hajaasi chama. Anashikilia kile ambacho chama chenyewe kilimwajiri karani akifanye. Na gunia la pili atalileta kwenye mizani ile ile. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa wanachama wanaweza kumwondoa karani mkutanoni, ilhali Warumi 13 haielezi mtawala mbaya aondolewe vipi. Anayelitafuta jibu hilo humo ataambulia mawazo yake mwenyewe.

Mitume walifanya kama mkulima huyo. Walikataa amri moja, wakapigwa, hawakulishambulia baraza, wakaendelea kufundisha hekaluni kila siku (Matendo 5:40–42).

Wataalamu wengi huiweka barua kwa Warumi karibu mwaka 57, Kaisari Nero akiwa madarakani. Wapo wanaoona Paulo alitaka kuwazuia Wakristo wa Rumi wasigomee kodi. Maelezo hayo yanaendana na aya ya 6 na ya 7, ingawa barua yenyewe haitaji mgomo wowote. Kilicho wazi ni orodha ya wanachodaiwa raia: kodi, ushuru, hofu, heshima. Kusujudiwa hakumo.

Paulo mwenyewe alikwisha kuonyesha utii wake una sura gani. Huko Filipi, miaka kadhaa kabla ya barua hiyo, mahakimu walimpiga viboko bila kumhukumu na kumtia gerezani, kisha wakatuma watu wamwachilie kimyakimya. Alikuwa raia wa Rumi, na sheria ilikuwa upande wake. Akakataa kutoka mpaka mahakimu waje wenyewe kumtoa, nao wakaja (Matendo 16:37–39).