Hekalu la Pwani, Mahabalipuram: maelezo kwa wanaokwenda Chennai

Watu wengi wa Afrika Mashariki hufika Chennai, kusini mwa India, kwa matibabu au masomo. Siku za kungoja majibu ya vipimo huwa ndefu, na msindikizaji wa mgonjwa akichoka kukaa chumbani huambiwa aende kuona Hekalu la Pwani huko Mahabalipuram, kama kilomita 60 kusini kwa barabara ya pwani. Ni ushauri mzuri. Shida ni picha zinazorudi: mmoja amempanda fahali wa jiwe mgongoni, mwingine amekwangua jina lake na la mchumba wake ukutani. Idara yetu ya mambo ya kale imekuwa ikitumiwa picha hizo pamoja na video na maswali: je, hekalu limechongwa kwenye jiwe moja, majengo ya jirani yaitwayo Ratha ni magari, majini ndio waliojenga? Maelezo haya yanatolewa kwa nia njema, tukiamini kwamba wahusika hawakujua.

Kwanza jambo dogo linalotuchosha. Hekalu hili ni la Kihindu, na Mhindu si Mhindi. Mhindi ni mtu wa India, awe Mwislamu, Mkristo au Singasinga. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana walikuwa na neno lao, Baniani.

Hekalu la Pwani lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8, enzi ya Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava, aliyeitwa pia Rajasimha na kutawala takriban mwaka 700 hadi 728. Makao yake makuu yalikuwa Kanchipuram, bara. Mahabalipuram ilikuwa bandari. Ndani ya uzio mmoja kuna vihekalu vitatu. Viwili ni vya mungu Shiva, kila kimoja na mnara wake wa ngazi-ngazi unaopungua kadiri unavyopanda: kikubwa kimeelekea mashariki, baharini, jua likichomoza limpige mungu usoni, kidogo kimeelekea magharibi. Katikati yao, bila mnara, yupo mungu mwingine, Vishnu, amelala. Yeye hakuletwa pale. Amechongwa kwenye mwamba uliokuwepo, na majengo yakamzunguka.

Wengi hupita hapo haraka, nami ndipo ningependa wasimame. Wajenzi wa sehemu hizo walikuwa wamezoea matofali na miti, vitu ambavyo hali ya hewa ya pwani huvila. Wapallava wakahamia kwenye graniti, na Mahabalipuram unaweza kufuata safari yao yote kwa miguu. Kwanza walichimba mapango kwenye vilima. Kisha, katika karne ya 7, wakachonga yale yanayoitwa Ratha Tano: kila moja ni mwamba mzima uliochongwa kuanzia juu kushuka chini, ukabaki mfano wa jengo. Inayoitwa ya Draupadi ina paa ambalo mtu wa Bagamoyo atalitambua mara moja. Ni banda la makuti, ila makuti yenyewe ni jiwe. Hatua ya mwisho ni Hekalu la Pwani, ambalo limejengwa kwa mawe ya graniti yaliyokatwa, yakabebwa na kupangwa moja juu ya jingine mpaka kileleni.

Kwa hiyo, hapana, Hekalu la Pwani halikuchongwa kwenye jiwe moja. Ratha nazo si magari ya kukokotwa, ingawa neno lina maana hiyo, wala hazikukamilika. Na majini hawahusiki.

Kuna pia hadithi ya mahekalu saba, sita yakazama. Mabaharia wa Ulaya waliuita mji huu Pagoda Saba, yaani mahekalu saba. Tarehe 26 Desemba 2004, kabla ya mawimbi ya tsunami kupiga, bahari ilirudi nyuma na watu waliokuwa ufukweni wakaona mawe yaliyokuwa chini ya maji. Mwaka uliofuata wanaakiolojia wa India, wakisaidiwa na jeshi la wanamaji, walitafuta na kukuta mabaki ya kuta, na huko Saluvankuppam jirani ukapatikana msingi wa hekalu la matofali lililo la kale kuliko Wapallava. Ni ugunduzi mkubwa. Lakini kukuta mabaki si kuhesabu mahekalu sita, na video zinazodai hivyo msitutumie tena.

Sasa sheria. Hekalu linalindwa na Sheria ya Majengo na Maeneo ya Kale ya India ya mwaka 1958, chini ya Idara ya Akiolojia ya nchi hiyo, na tangu 1984 limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuharibu, kukwangua, kubadilisha au kuhatarisha jengo lililolindwa ni kosa. Zamani adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miezi mitatu, au faini isiyozidi rupia 5,000, au vyote viwili. Kwa marekebisho ya mwaka 2010 ni kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi rupia laki moja, au vyote viwili. (Laki ni ile ile tunayoijua, neno tuliletewa kutoka huko huko.) Marekebisho hayo yalipiga pia marufuku ujenzi ndani ya mita 100 kutoka kwenye eneo lililolindwa, na mita 200 zinazofuata hujengwa kwa kibali tu. Hili halimhusu mgeni wa siku moja, lakini linaeleza kwa nini hakuna hoteli imesimama mlangoni.

Picha za simu hazina neno. Stendi ya kamera na droni vinahitaji kibali kabla ya siku yenyewe. Askari wa getini hana mamlaka ya kukupa, hata ukimwomba vizuri.

Manunuzi yanahitaji uangalifu zaidi. Mahabalipuram ni mji wa wachonga mawe mpaka leo, na sanamu mpya ni halali kununua. Sheria ya mwaka 1972 lakini inakataza mtu binafsi kutoa India kitu cha kale, maana yake sanamu yenye umri wa miaka 100 au zaidi, na kwa maandiko ya mkono miaka 75. Adhabu ni kifungo cha miezi sita hadi miaka mitatu pamoja na faini. Afisa wa forodha akiona sanamu iliyochakaa hawezi kujua umri wake kwa macho. Basi dai stakabadhi yenye jina la duka na maelezo ya kitu. Kama kinaonekana cha zamani, kipeleke pamoja na picha zake kwenye ofisi ya akiolojia, kikaguliwe na upewe cheti kwamba si cha kale. Fanya hivyo mapema; usingoje jioni ya safari.

Kuhusu kugusa: chumvi ya bahari imekula sura nyingi za sanamu za nje, zimebaki kama sabuni iliyotumika. Upande wa bahari kuna kinga ya mawe, imepandwa mivinje kupunguza upepo, na mafundi hubandika rojo la karatasi ukutani ili linyonye chumvi kutoka kwenye jiwe. Nasi Kilwa Kisiwani mawimbi yalichangia magofu yetu kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, kwa hiyo kazi hiyo tunaijua. Yule fahali juu ya ukuta ana mwaka wake wa elfu moja na mia tatu akipigwa na upepo huo. Hahitaji mpandaji.

Kiingilio kilichopangwa 2018 ni rupia 600 kwa mgeni na 40 kwa raia wa India. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Tiketi hiyo hiyo hutumika Ratha Tano na Hekalu la Pwani kwa siku moja, kwa hiyo usiitupe ukitoka geti la kwanza.