Je, wajua? Hitler hakuwahi kushinda nusu ya kura. Basi aliipataje Ujerumani nzima?

Ukiuliza Hitler aliingiaje madarakani, wengi watakujibu kuwa Wajerumani walimchagua, na wengine watasema alipindua serikali. Majibu yote mawili yana kasoro. Mapinduzi aliyajaribu kweli mjini Munich, Novemba 1923, lakini yalizimwa kabla siku ya pili haijaisha, naye akafungwa. Kura nazo hazikuwahi kukipa chama chake zaidi ya asilimia 37 na ushei katika uchaguzi huru. Alipoapishwa kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933, hata miezi mitatu haikuwa imepita tangu Wanazi wapoteze kura zipatazo milioni mbili. Chama kilikuwa kinashuka, na kiongozi wake akapandishwa.

Kulielewa jambo hili inabidi tuanzie kwenye katiba. Ile ya 1919, iliyotungwa mjini Weimar baada ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kukimbilia Uholanzi, ilikuwa ya kisasa kuliko nyingi za wakati wake. Wanawake walipiga kura, na viti vya bunge, yaani Reichstag, viligawanywa kwa uwiano wa kura, hata vyama vidogo vikapata wabunge. Lakini ndani yake ilikuwamo ibara ya 48. Rais akiona usalama wa nchi umo hatarini, angeweza kutoa amri za dharura, kusimamisha haki za raia na kuingiza jeshi mitaani. Bunge liliachiwa uwezo wa kuzifuta amri hizo, na watungaji wakaona kinga hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba ibara ya 25 ilimruhusu rais huyohuyo kulivunja bunge, na ibara ya 53 ilimpa mamlaka ya kumteua na kumwondoa kansela. Ukizisoma tatu hizo pamoja, utaona njia ya kutawala bila wabunge: rais anamteua kansela amtakaye, kansela anaongoza kwa amri za rais, na bunge likizifuta, linavunjwa.

Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, aliitumia ibara ya 48 mara nyingi, hasa mwaka 1923, ambapo thamani ya fedha iliporomoka hadi dola moja ikafika marki trilioni 4.2. Yeye aliitumia kuilinda jamhuri. Alipofariki mwaka 1925, nafasi yake ilichukuliwa na Paul von Hindenburg, jemadari mzee wa Kaiser, ambaye moyoni hakuitaka jamhuri yenyewe.

Kwa maoni yangu, tarehe ya kukumbukwa zaidi si 30 Januari 1933 bali 27 Machi 1930. Siku hiyo serikali ya mseto ya Hermann Müller ilianguka. Vyama vyake viligombana juu ya nani abebe gharama za bima ya wasio na ajira, ikiwamo nyongeza ndogo tu ya michango, na kila upande ukakataa kulegeza. Hawakujua kwamba wanaivunja serikali ya mwisho ya jamhuri ile iliyosimama juu ya wingi wa wabunge. Hindenburg na washauri wake walikuwa wakiisubiri nafasi hiyo. Walimweka Heinrich Brüning, naye bunge lilipoifuta amri yake ya fedha mwezi Julai, likavunjwa. Katika uchaguzi wa Septemba 1930 Wanazi walitoka viti 12 hadi 107.

Tazama hesabu hii. Mwaka 1930 bunge lilipitisha sheria 98, na amri za dharura zilikuwa 5. Mwaka 1932 bunge lilipitisha sheria 5 tu, huku amri zikifika 66. Hitler alikuwa bado nje ya serikali, na tayari bunge lilikuwa limebaki jengo.

Brüning alikata mishahara na misaada kwa amri hizo, wakati anguko la uchumi lililoanzia Marekani lilikuwa likifunga viwanda. Mapema 1932 wasio na kazi walioandikishwa walifika milioni sita. Mtu wa namna hiyo, anayeona wabunge wanabishana na mkate haupatikani, hakuhitaji kushawishiwa sana kwamba vyama vyote ni vile vile. Julai 1932 Wanazi walipata viti 230 na Wakomunisti 89. Jumla ni 319 kati ya 608, maana yake zaidi ya nusu ya wabunge walitaka mfumo uliowaingiza bungeni ufe, na hawakuweza kutawala pamoja hata siku moja. Wakomunisti, wakifuata msimamo wa Moscow, waliwaita Wasosholisti wa SPD, chama cha demokrasia ya kijamii, mafashisti wa kijamii na kuwahesabu kuwa adui mkubwa. Inauma kusoma hayo leo, kwani muda si mrefu wote walikutana katika kambi zilezile za mateso za Wanazi.

Basi nani alimfungulia Hitler mlango? Ni watu wachache waliozunguka ofisi ya rais. Franz von Papen alikuwa kansela tangu Juni 1932, akaondolewa, na nafasi yake Desemba ikachukuliwa na Jenerali Kurt von Schleicher. Papen alitaka kulipiza. Tarehe 4 Januari 1933 alikutana na Hitler kwa siri mjini Köln, nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder. Hindenburg alikuwa amemkatalia Hitler ukansela mwaka uliotangulia, lakini sasa alipewa mpango uliomtuliza: Hitler awe kansela, Papen awe makamu wake, na katika baraza la watu kumi na mmoja Wanazi wawe watatu tu. Papen aliamini kwamba katika miezi miwili watakuwa wameshambana Hitler kwenye kona. Lakini mmoja wa hao watatu, Hermann Göring, alikabidhiwa mambo ya ndani ya Prussia, jimbo lililobeba zaidi ya nusu ya nchi. Papen alihesabu viti, Hitler alihesabu polisi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Usiku wa 27 Februari jengo la Reichstag liliungua, na Mholanzi Marinus van der Lubbe akakamatwa humo. Kesho yake Hindenburg alitia saini amri, kwa ibara ileile ya 48, iliyofuta uhuru wa mtu, wa magazeti, wa mikutano na usiri wa barua. Amri hiyo haikuondolewa hadi 1945. Hata katika uchaguzi wa 5 Machi, uliofanyika wapinzani wakipigwa na kufungwa, Wanazi walipata asilimia 43.9.

Ilibaki kuichukua kazi ya kutunga sheria. Tarehe 23 Machi wabunge walikutana katika ukumbi wa opera wa Kroll, uliojaa askari wa chama. Wakomunisti 81 waliochaguliwa hawakuruhusiwa kuingia. Ilihitajika theluthi mbili ya kura kupitisha sheria ya kuiruhusu serikali ya Hitler itunge sheria bila bunge, na chama cha Wakatoliki, Zentrum, kiliunga mkono baada ya kuahidiwa mengi. Otto Wels wa SPD alisimama peke yake kupinga, akasema uhuru na uhai wao unaweza kuchukuliwa, lakini si heshima yao. Kura zilikuwa 444 kwa 94. Hakuna chama kingine kilichopiga kura ya hapana. Julai hiyo kuanzisha chama kipya kukawa kosa la jinai, na Hindenburg alipofariki Agosti 1934 Hitler akajitwalia na madaraka ya urais.

Amri ile ya Februari 1933 iliwapa polisi nguvu ya kumfunga mtu bila mahakama, na mmoja wa walioonja ukali wa kufungwa hivyo alitoka Dar es Salaam. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa 1904, alikuwa mtoto wa askari na mwenyewe aliingia jeshi la Wajerumani akiwa bado kijana mdogo. Alifika Berlin mwaka 1929, akafanya kazi ya mkahawani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, na humo akafariki Novemba 1944.

Waliotunga katiba ya Ujerumani Magharibi mwaka 1949 walilijua shimo lilipokuwa. Rais aliachiwa kazi za heshima kwa sehemu kubwa, na bunge halimwangushi kansela mpaka lichague mwingine kwa kura hiyohiyo. Njia hiyo ilifanikiwa mara ya kwanza Oktoba 1982, Helmut Schmidt alipotoka na Helmut Kohl akaingia, na ofisi ya kansela haikukaa wazi.