Kijipicha cha video hupimwa kikiwa kidogo

Kijipicha cha YouTube, yaani picha ndogo ambayo mtu huiona kabla ya kufungua video, hutengenezwa kwa pikseli 1280 kwa 720, umbo la 16 kwa 9, lakini aliyekaa kwenye matatu ya Bamburi hukiona kikiwa na upana wa vidole vitatu, tena simu imeshushwa mwanga ili kuokoa chaji. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakihusu rangi wala fonti. Nachukua nakala ya kazi, naipunguza hadi 160 kwa 90, yaani thumuni ya upana na thumuni ya kimo chake, kisha naiondoa rangi yote. Nikiona bado ni nani au ni nini, na neno linasomeka, kazi imekaa sawa. Nikibaki na kijivu juu ya kijivu, hakuna rangi itakayoiokoa.

Rangi huwadanganya wengi hapa. Maandishi mekundu juu ya kijani yanavuta macho kwenye skrini ya kompyuta, lakini nyekundu na kijani hizo mara nyingi zina mwanga mmoja. Ziondolee rangi, zinamezana. Tenganisha kwa mwanga na giza kwanza, rangi ije baadaye.

Picha unayoanza nayo ndiyo nusu ya kazi. Usikate fremu kwenye video kama unaweza kupiga picha ya kando, kwa sababu ndani ya nyumba kamera huacha fremu ya video ipokee mwanga kwa muda mrefu kiasi kwamba mkono unaotembea unaacha ukungu. Ukungu huo ni mgumu kusafishika kwa programu.

Halafu kuna jua letu. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua hukaa juu mno. Mpige mtu picha saa sita mchana mbele ya Fort Jesus: paji la uso na pua vinang'aa, macho yanazama gizani, na kanzu nyeupe inaungua, maana yake sehemu hiyo imefika 255, kiwango cha juu kabisa cha mwanga kwenye picha, na mikunjo ya kitambaa imepotea. Giza la machoni waweza kuliinua kidogo, ila kilichoungua hakirudi. Msogeze kivulini, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, uso wake ukielekea upande wenye mwanga, au subirini saa kumi na nusu. Gusa uso wake kwenye skrini ya simu ili kamera ipime ngozi, kisha shusha mwanga kidogo kidogo mpaka mikunjo ya kanzu ionekane.

Chukua mfano wa chaneli ya mapishi yenye video ya mahamri yasiyofura. Kosa ninaloliona kila mara ni sahani nzima iliyopigwa kutoka juu: mahamri sita, bakuli la mbaazi, kikombe cha chai, kitambaa cha maua, meza ya mbao. Kwenye 160 kwa 90 hayo yote ni madoa ya kahawia. Bakisha hamri moja. Lipasue, liinamishe uwazi wake wa ndani uelekee kamera, na uliweke ubavuni mwa dirisha ili mwanga uingie kwa pembeni na kingo za ule mpasuko zitupe kivuli. Nje ni kahawia iliyokolea, ndani ni nyeupe, basi kontrasti yote unayoitaka imo humo humo. Lijaze theluthi mbili za kimo cha picha. Nyuma weka rangi moja tu, na mimi hupenda bluu iliyoiva, kwa sababu vyakula vyetu vingi, kuanzia biriani hadi viazi karai, viko upande wa manjano na machungwa, na bluu iko mkabala nazo kwenye duara la rangi.

Sasa programu. Natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure, na Photopea hufanya karibu kazi zote hizi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Fungua ukurasa mpya wa 1280 kwa 720, weka rangi ya nyuma kwenye leya (tabaka la picha) ya chini, ingiza picha kwenye leya yake juu. Kukata umbo usitumie kifutio. Tumia zana ya njia, kitufe B: weka nukta chache, moja kila mahali mstari unapogeuka, nawe uende pikseli 2 ndani ya ukingo, si juu yake, la sivyo utabeba utepe wa rangi ya mandhari ya zamani. Geuza njia kuwa uteuzi, yaani eneo lililochaguliwa, lainisha kwa pikseli 1, kisha uufanye maski, yaani kifuniko kinachoficha kilicho nje ya eneo hilo. Maski hairarui chochote, ukikosea unapaka cheupe na sehemu inarudi. Nywele na ushungi mwepesi wa kupenyeza mwanga zisikatwe kwa njia hata kidogo, zipakwe kwenye maski kwa burashi laini.

Buibui jeusi juu ya mandhari ya giza linataka uangalifu wa pekee, maana uso unabaki ukielea peke yake. Hapo mstari wa kuzunguka umbo una kazi ya kweli. Chagua umbo kutokana na uwazi wa leya yake (Alpha to Selection), panua uteuzi kwa pikseli 10, fungua leya mpya chini ya mtu, jaza nyeupe au manjano. Mbona 10? Kwa sababu ukigawa kwa 8 inabaki pikseli moja na kidogo. Mstari wa pikseli 3 unayeyuka kabisa. Mstari ukitoka na mabonde, tatizo liko kwenye kukata, si kwenye mstari, rudi ukasafishe maski. Na kivuli ukikiweka nyuma ya umbo kikakatika ghafla kama kimepigwa rula, leya yako ni ndogo kuliko ukurasa. Ipanue hadi ukubwa wa picha nzima, ndipo ukiweke upya.

Uso uinue mwanga kwa maski yake, usiinue picha yote. Vuta kidogo katikati ya ule mstari wa mwanga unaopinda (Curves), na ushushe mng'aro wa paji la uso. Kumfanya mtu mweupe kuliko alivyo ni kazi mbaya. Ngozi nyeusi husomeka vizuri sana ikipata mandhari iliyo angavu kuliko yenyewe, au mwanga wa pembeni unaochora shavu.

Maneno yasizidi matatu, na yasirudie kichwa cha video kilichoandikwa chini yake. Herufi yenye kimo cha pikseli 100 inabaki 12 tu ukipunguza, kwa hiyo usishuke chini ya hapo, na neno kuu lipe 150 au zaidi. Kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima, jambo zuri, ila hurefuka. HAYAFURI ina herufi 8 na inakaa vyema kwenye nusu ya kushoto kwa fonti nene iliyobanwa kama Anton au Bebas Neue. Pembe ya chini kulia iache tupu, kama pikseli 300 kwa 130, kwa kuwa YouTube huweka hapo muda wa video na hufunika chochote ulichoandika.

Ukihifadhi, tunza faili la XCF, lile la GIMP yenyewe, lenye leya, kisha toa JPG ya ubora wa 90, chini ya MB 2. JPG kwa kawaida hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga, ndiyo maana herufi nyembamba nyekundu hutoka zimetapakaa. Kwenye GIMP chagua 4:4:4, yaani rangi zisipunguzwe, lakini kwa kuwa YouTube hukandamiza tena picha, dawa ya kudumu ni kutotumia herufi nyembamba nyekundu. Rangi zikipoa baada ya kupakia, huenda picha ilitoka kwenye simu ikiwa na wasifu wa rangi wa P3, wenye rangi nyingi zaidi. Igeuze kuwa sRGB, wasifu wa kawaida wa mtandaoni, kwanza.

Kijipicha chako mwenyewe hukubaliwa baada ya kuthibitisha nambari ya simu kwenye akaunti. YouTube Studio pia huruhusu kulinganisha hadi vijipicha 3 kwenye video moja, na mshindi huchaguliwa kwa muda uliotazamwa, si kwa kubofywa tu. Hamri lililofura kwenye picha ilhali halimo kwenye video litashindwa hapo. Jaribu tofauti kubwa: mtu dhidi ya chakula, au neno dhidi ya kutokuwa na neno. Kubadilisha rangi ya mstari peke yake hakukupi jibu.

Kwa chaneli yenye video za zamani, anza na zile zinazoonyeshwa kwa watu wengi na kubofywa kidogo. YouTube wenyewe husema nusu ya chaneli na video zao hubofywa kati ya asilimia 2 na 10 ya mara zinazoonyeshwa. Video yako iliyo chini kuliko nyingine za chaneli yako ndiyo ya kubadilishiwa kijipicha leo, na isiyoonyeshwa kwa watu kabisa iache kwanza.