Ufasaha wa akili mnemba si uhakika wa dozi

Wengi hapa Dar wanaamini kwamba akili mnemba ikijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, basi dozi iliyotaja ni sahihi. Sivyo. Programu hizi hupanga maneno kwa kufuata maandishi ziliyojifunzia. Chupa uliyoishika mkononi hazijaiona.

Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye homa. Dozi moja ya parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani 100 hadi 150. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mililita 5 zinatosha. Lakini duka la dawa la Mbagala au Kariakoo laweza kukuuzia ile ya miligramu 250 katika mililita 5. Ukimimina mililita zile zile 5, umempa zaidi ya mara mbili, na ukirudia rudia, ini ndilo linaloumia. (Kijiko cha jikoni nacho ni balaa jingine, tumia kile cha kupimia.)

Kwa hiyo ukiiuliza akili mnemba, andika uzito, umri na maandishi ya kwenye lebo kama yalivyo, iambie ionyeshe hesabu, kisha mfamasia aihakiki. Jina la mtoto na namba ya bima usiweke.

Na homa yenyewe? Malaria hujulikana kwa tone la damu kwenye kipimo, si kwa kuchati. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, weka simu chini, mkimbize kituo cha afya.