Dirisha kubwa peke yake halileti upepo

Wengi wanaojenga huku Dar wanaamini chumba kikiwekewa dirisha kubwa basi joto kwisha, jamani sio hivyo. Hewa haiingii vizuri kama haina pa kutokea, na madirisha yale ya aluminiamu ya kusukuma pembeni yanafunguka nusu tu. Bora madirisha mawili madogo kwenye kuta tofauti, na kama ukuta wa nje ni mmoja tu weka matundu juu karibu na dari maana hewa ya moto inapanda inatokea huko, ya baridi inaingia kwa chini. Feni nayo haileti hewa mpya, inazungusha ileile, ndo maana jiko la mkaa chumbani linaua kwa hewa yake ya sumu hata feni ikiwa inazunguka, nawaomba sana msilale nalo.