Kabla ya kununua kitabu cha mtihani wa uraia wa Marekani, angalia tarehe ya fomu yako

Mwombaji wa uraia wa Marekani anapofika kwenye darasa letu akiwa na kitabu mkononi, jambo la kwanza tunalomwuliza ni tarehe aliyowasilisha N-400, yaani fomu yake ya kuomba uraia. Jibu lake ndilo linaloamua kama kitabu hicho kitamfaa, kwa kuwa hivi sasa kuna mitihani miwili ya historia na serikali inayotumika sambamba. Aliyewasilisha fomu kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 hufanya mtihani wa mwaka 2008, wenye orodha ya maswali 100, ambapo ofisa wa uhamiaji huuliza hadi maswali 10 na mwombaji hutakiwa kupata 6. Aliyewasilisha siku hiyo au baadaye hufanya mtihani wa mwaka 2025, wenye orodha ya maswali 128, huulizwa hadi 20 na ni lazima apate 12.

Hata idadi ya maswali iliyoandikwa kwenye jalada haitoshi kuwa ushahidi. Mwezi Desemba 2020 ulianza kutumika mtihani mwingine wenye maswali 128, ukaachwa miezi michache baadaye, na mtihani wa sasa umejengwa juu ya huo kwa marekebisho kadhaa. Kitabu au video ya kipindi kile hufanana mno na nyenzo za leo, na mtu asiyeangalia mwaka wa kutolewa hawezi kuona tofauti. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba mwanafunzi aanzie kwenye tovuti ya Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, yaani USCIS, ambako orodha kamili ya maswali na majibu yake hutolewa bila malipo. Hakuna maswali ya siri, na anayekuuzia maswali ya siri anakuibia.

Yako pia majibu ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuyatunza: jina la Rais, la Spika, la gavana wa jimbo lako na la maseneta wako. Hayo hubadilika kwa uchaguzi, na mkazi wa Ohio hajibu kama mkazi wa Texas. Yathibitishe tena wiki ya usaili.

Suala la lugha linahitaji uangalifu zaidi. Tafsiri za Kiswahili zina kazi yake, nayo ni kumfanya mtu aelewe anachokariri. Mzanzibari anayesoma kwamba Marekani ina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435 wanaopiga kura hukumbuka mara moja Baraza la Wawakilishi la kwao, na Mtanzania aliyezoea bunge lenye chumba kimoja hujiuliza maseneta 100 wanafanya nini pembeni; mwalimu au kitabu kizuri hulifafanua hilo kwa lugha ambayo mtu anafikiria nayo. Hata hivyo, kwa waombaji wengi swali litaulizwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza, kwa mdomo, mbele ya ofisa asiyemfahamu. Aliyejifunza kwa macho peke yake hukwama hapo. Chagueni nyenzo zenye sauti, na ikiwezekana sauti za watu mbalimbali, kwa sababu maofisa hawazungumzi kwa lafudhi moja.

Kwa maoni yangu, nyenzo isiyogusa maneno ya fomu ya N-400 yenyewe ni nusu ya nyenzo. Uwezo wa kuzungumza Kiingereza hupimwa ofisa anapopitia fomu hiyo pamoja na mwombaji: kodi, safari, kukamatwa na polisi, kupiga kura, kiapo cha utii. Wapo wanaoyajua majibu yote ya historia, lakini hunyamaza wanapoombwa waeleze kuapa ni nini. Kwa kusoma na kuandika kazi ni nyepesi zaidi, kwani orodha rasmi za msamiati zipo na hutosha sentensi moja sahihi kati ya tatu kwa kila upande.

Wazee wana njia yao. Mwenye umri wa miaka 50 aliyekaa na makazi ya kudumu kwa miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa 15, husamehewa Kiingereza na hujibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na makazi ya miaka 20 husamehewa vivyo hivyo, na zaidi ya hapo husoma maswali 20 tu yaliyowekewa alama ya nyota, huulizwa 10 na hutakiwa kupata 6. Kwao Kiswahili ndicho nyenzo kuu, ila kiwe Kiswahili chao, kwa kuwa tafsiri ya Dar es Salaam inaweza kumtatiza mzee wa Uvira, mashariki mwa Kongo.

Anayeshindwa sehemu moja huitwa tena baada ya siku 60 hadi 90, na hurudia sehemu hiyo tu. Aje darasani na karatasi ya matokeo aliyopewa na ofisa, tuanzie hapo kumchagulia cha kusoma.