Jamani, Hunter si Pijo 504

Kila Jamhuri Dei inapokaribia, ndege za jeshi zikianza mazoezi juu ya Nairobi, wimbo huwa uleule: "Zile jeti za zamani ni nzima kabisa. Watie mafuta tu, zipae." Safari hii umenichosha. Pijo iliyolala Kariobangi miaka kumi, ukipata vijana wanne wa kusukuma na betri ya kuazima, huenda ikawaka. Jeti haisukumwi.

Kwanza, nyingi hazipo. Hunter, jeti za kivita za Kiingereza ambazo Kenya ilinunua miaka ya 1970, ziliuzwa Zimbabwe, na Strikemaster, jeti nyepesi za Kiingereza, zikaishia Botswana. Zile Hunter ambazo wazee wa Eastleigh wanazikumbuka za kabla ya uhuru zilikuwa za kikosi nambari 208 cha Uingereza. Hayo yameisha.

Linaloniudhi hasa ni hili: "Imeruka saa chache, kwa hiyo bado mbichi." Bawa halichoshwi na saa, linachoshwa na kupindwa. Safari tulivu ya Nanyuki hadi Mombasa hailiumizi sana. Lakini rubani akishuka kulenga shabaha kisha akainua pua kwa nguvu, bawa likabeba mara 5 ya uzito wa kawaida, amekila chuma kuliko safari hiyo nzima. Ndiyo maana Waingereza walifunga ndani ya jeti zao kifaa cha kuhesabu ni mara ngapi kila kiwango cha mzigo kimevukwa. Strikemaster mbili zenye saa sawasawa kitabuni zinaweza kutofautiana kama kijana na babu yake. Bila hesabu za kifaa hicho, saa za kitabuni ni tarakimu tu.

Tena kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: hata hesabu hizo zikiwepo, uhai uliobaki ni makisio. Bawa la mfano lilipindwa kiwandani mpaka likavunjika, jibu likagawanywa ili kuacha nafasi ya usalama, na hicho ndicho kikomo. Jeti iliyovuka kikomo huenda ina miaka mingi mbele. Ambayo haijakifikia huenda ina ufa kando ya tundu la bolti. Kwa macho matupu hakuna fundi atakayekuambia ipi ni ipi, na anayedai anaweza, usimpe spana.

Halafu kuna kalenda, ambayo haijali kama ndege iliruka au ililala. Matangi ya Hunter ni mifuko ya raba. Mafuta yakiwemo, raba hubaki laini. Ukiyamwaga ukaiacha kavu, inasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo ndege iliyomwagwa mafuta "kwa usalama" kisha ikaegeshwa imeuliwa matangi siku hiyohiyo. Haidroliki, yaani mafuta ya presha yanayosogeza sehemu za ndege, nayo hufanya kazi kwa pauni 3,000 kwa kila inchi ya mraba, wakati tairi ya gari dogo hubeba kama 30. Sukuma presha hiyo kwenye sili, ile raba ya kuzuia uvujaji, iliyokaa bila kusogea miaka kumi na tano uone ukungu mwekundu ukitoka. Usiutafute uvujaji huo kwa kiganja, maana mchirizi mwembamba hupenya ngozi. Tumia kipande cha kadibodi. Na sili hizo hazipatikani Kirinyaga Road, hata ungeamkia huko alfajiri.

Nikiri: baadhi ya tarehe za kubadilisha raba naona zimewekwa kwa woga. Sili iliyopitwa na muda huweza kutolewa ikiwa laini kama ya jana. Ila huwezi kujua bila kuitoa, na ukishaitoa utaweka mpya tu.

Kiti cha kumrusha rubani nje ya ndege wakati wa hatari kina baruti, na baruti hiyo ina tarehe mbili: ya kutengenezwa na ya kufungwa kwenye ndege. Hunter ilipoanguka Shoreham, Uingereza, mwaka 2015 na kuua watu 11, wachunguzi walikuta katriji za viti zimepitwa na muda. Sizo zilizoiangusha, lakini fikiria waokoaji waliokuwa wakizunguka mabaki yale. Kabla ya kumpandisha mtoto ndani apigwe picha, uliza nani alizitoa.

"Lakini feni bado inazunguka kwa upepo!" Hilo ndilo hatulitaki. Beringi zinazunguka bila mafuta, juu ya vidoa vya kutu. Ule mlio wa kugongana usikutishe, kwani vibapa vya feni hukaa na ulegevu kidogo kwenye mashina yao. Kuwasha nako ni kazi: F-5, jeti ya kivita ya Kimarekani, haina stata yake, inasubiri mashine ya hewa kutoka nje. Hunter FGA.9 iliamshwa kwa aisopropili nitreti, kitu kinachoungua bila kuhitaji hewa. Kaulizie hicho kwenye petroli stesheni.

Kama kweli mnaipenda jeti iliyowekwa maonyesho, iinueni kidogo tairi zisibebe uzito, osheni kinyesi cha ndege, na kabla ya mvua za Aprili zibueni vitundu vya chini vya kutolea maji. Funikeni mdomo wa injini na kile kijibomba cha kupimia mwendo. Nyigu akikikuta wazi, siku chache zinamtosha kukijaza udongo.